Hujambo, Li Huanying

Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa lugha ya Kichina na wapenzi wa filamu, mara baada ya kuonyeshwa filamu ya Kichina "Ni Hao, Li Huanying" yenye maandishi ya chini ya Kiswahili. Mzungumzaji ndiye aliyeyatafsiri maandishi hayo.

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, habari za jioni.

Taa zilipowashwa nimeona watu kadhaa wamegeuzia nyuso ukutani. Msione haya. Mimi nimeshaitazama filamu hii zaidi ya mara ishirini, maana kazi ya kutafsiri inakulazimisha kurudia, na leo tena nilikuwa kule nyuma karibu na mlango, ncha ya mtandio imelowa. Lakini saa moja tu kabla ya hapo ukumbi huu ulikuwa unatikisika kwa kicheko. Kuna kaka hapa safu ya tatu alikuwa anapiga goti lake na la jirani. Ningependa tulizungumze hilo: imekuwaje filamu ya kuchekesha, tena iliyotengenezwa kwa ajili ya watu waliotoka kula sikukuu, ikatufikisha hapa tulipo.

Wachina wana neno la filamu za namna hii. Wanaziita hesuipian. "Hesui" ni kupeana heri ya mwaka mpya, na "pian" ni filamu. Kwa hiyo ni filamu ya kukupa mkono wa heri. Mila yenyewe ilikomaa Hong Kong: nyota wengi wanakusanywa mahali pamoja, vichekesho, vurugu kidogo, na mwisho lazima uwe mwema kwa sababu hakuna anayetaka kuufungua mwaka kwa msiba. China Bara iliipokea mwanzoni mwa 1995, filamu ya Jackie Chan ya "Rumble in the Bronx" ilipoingia kumbi zao msimu wa sikukuu. Desemba 1997 mwongozaji Feng Xiaogang akatoa "Jiafang Yifang", ambamo mwigizaji Ge You na wenzake wanafungua kampuni ya kumtimizia mtu ndoto yake kwa siku moja: anayetaka kuwa jenerali anakuwa jenerali, tajiri anayetamani dhiki anapelekwa akaonje dhiki. Baada ya hapo ikawa kawaida: mwaka ukielekea ukingoni, watu wanauliza Feng Xiaogang safari hii ametuletea nini. Baadaye msimu wenyewe ukasogea kutoka Desemba hadi kwenye Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, ule mwaka mpya wao wa mwezi. Siku hizi filamu kubwa zinaachiwa zote kwa pamoja siku ya kwanza ya mwaka, zigombanie watu.

Na kwa nini vichekesho? Fikirieni anayeingia ukumbini siku hiyo. Babu yupo, wajukuu wapo, kuna shemeji ambaye hamkuelewana mwaka uliopita, kuna kijana aliyetoka mjini na suti mpya. Wanahitaji kitu cha kucheka pamoja bila mtu kumwaibisha mwingine. Isitoshe, tangu 1983 televisheni yao ya taifa inarusha onyesho kubwa la usiku wa kuamkia mwaka mpya, na ndani yake kuna michezo mifupi ya kuchekesha na ile sanaa yao ya watu wawili kusimama na kurushiana maneno, xiangsheng. Kwa hiyo masikio ya Mchina yamezoea: mwaka mpya ni chakula, fataki na kicheko.

Jia Ling, aliyeongoza filamu hii na ndiye mnayemwona humo kama binti, ametoka huko huko. Alizaliwa 1982 mkoa wa Hubei, akaenda Beijing kusomea sanaa, akawa mwanafunzi wa Feng Gong, mmoja wa wakongwe wa xiangsheng. Mwaka 2001, akiwa na miaka 19 na ndiyo kwanza ameanza masomo, mama yake akafariki kwa ajali. Mama yake aliitwa Li Huanying. Jina mlilolisoma kwenye tangazo la mlangoni si la kubuni, ni la mama yake mzazi.

Akakaa nalo miaka 15. Mwaka 2016 akaligeuza mchezo mfupi wa jukwaani, wa kuchekesha, kwenye kipindi cha televisheni: binti anarudi nyuma enzi za ujana wa mama yake. Kisha akaufanya filamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza. Iliachiwa tarehe 12 Februari 2021, siku ya kwanza ya Mwaka wa Ng'ombe.

Hapo kwenye tarehe naomba tukae kidogo, kwa sababu mimi nilikuwepo.

Nilikuwa Wuhan nikimalizia shahada ya pili. Mwaka mmoja nyuma jiji lile lilifungwa siku 76, kuanzia tarehe 23 Januari hadi 8 Aprili 2020. Sinema nchi nzima zilifungwa mpaka Julai. Sikukuu ya 2021 ilipokaribia, ugonjwa ukaanza kuchomoza tena hapa na pale, na serikali ikawahimiza watu wale sikukuu pale pale walipo. Msimu ule kwa China ndio wa safari kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 2019 zilihesabiwa safari karibu bilioni 3 kwa siku 40 za msimu. Mwaka 2021 zikawa takriban milioni 870. Mtu anayefanya kazi kiwandani Guangdong, ambaye siku za kumwona mama yake kwa mwaka zinahesabika kwa vidole, safari hii alibaki bwenini na tambi zake.

Sasa mtu huyo akatoka, akaenda sinema. Alikuwa aende wapi? Siku ya kwanza watu walikimbilia filamu nyingine, "Detective Chinatown 3", ambayo ilikusanya zaidi ya yuani bilioni 1 siku hiyo moja. Filamu ya Jia Ling ilikuwa mbali sana nyuma. Lakini kila aliyetoka kuitazama alimwambia mwenzake, na siku chache tu baadaye yeye ndiye aliyekuwa anaongoza. Mwishowe ikaingiza yuani bilioni 5.4, ikawa wakati huo ya pili kwa mapato katika historia ya sinema za China. Kwa filamu iliyoongozwa na mwanamke peke yake, ilihesabiwa kuwa ya kwanza duniani, hadi ilipokuja "Barbie" mwaka 2023. Kwa hadithi ya mfanyakazi wa kiwanda cha mkoani na binti yake mnene asiyefaulu mitihani.

Mimi niliitazama siku ya nne ya mwaka mpya. Tumekaa kwa kuachiana viti, barakoa usoni. Kushoto kwangu, kiti kimoja katikati, alikaa baba mmoja wa makamo, mtu wa kazi ngumu ukimtazama mikono. Alicheka sana. Ule mwanzo, mama anapofanya karamu kwa sababu binti kapata chuo, kumbe barua ya kupokelewa ni ya kughushi, yule baba alicheka mpaka akakohoa, na zama zile mtu akikohoa sinema nzima inageuka. Filamu ilipoisha hakusimama. Wahudumu waliingia na mifagio, akawa bado kakaa. Kisha akatoa simu, akapiga, akasema neno moja tu, "Ma." Akanyamaza. Upande wa pili nilisikia sauti ya mwanamke mzee inauliza na kuuliza tena, na yeye anatikisa kichwa kana kwamba anaonekana.

Jamani, mimi nina mama Tanga. Nilikuwa sijamwona miaka miwili na miezi mitatu.

Nije kwenye lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kichwa cha filamu, "Ni Hao, Li Huanying", ni salamu na jina kamili la mtu. Kwa Mchina hicho ni kitu cha kushtua. Mtoto hamwiti mzazi wake kwa jina. Zamani walifika mahali ambapo hata kuandika herufi iliyomo kwenye jina la baba yako ulikuwa unaikwepa. Waliopeleka filamu nje wakaipa jina la Kiingereza, "Hi, Mom", yaani wakalifuta jina la mwanamke wakaweka "mama". Sidhani walikusudia ubaya. Lakini walifuta kitu ambacho Jia Ling alifanya filamu nzima ili kukirudisha.

Sisi Waswahili tunalijua hili vizuri kuliko wengi. Mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, jina lake linaingia kabatini pamoja na nguo za arusi. Anakuwa Mama Salim. Anaitwa Mama Salim sokoni, msikitini, kwenye upatu, hospitali, na mumewe naye anamwita Mama Salim. Mama yangu mimi ni Mama Salim. Salim ni kaka yangu. Nimefika darasa la tano ndipo nikajua jina la mama, na nililijulia kwenye fomu ya shule.

Mtihani ukaja nilipoanza kutafsiri. "Ni hao" nitaiwekaje? Kwa mama ungesema shikamoo, hakuna njia nyingine. Lakini shikamoo haikai na jina kamili. Huwezi kusema "Shikamoo, Li Huanying", midomo yenyewe inakataa. Nikarudi kwenye hadithi. Mama anapata ajali, na binti, Jia Xiaoling, akiwa kando ya kitanda chake, anajikuta anaanguka kutoka angani mpaka mwaka 1981, kwenye kiwanda cha mama yake, picha nyeusi na nyeupe inaanza kupata rangi, na pale anamkuta mama yake ni msichana. Ana nywele za kusuka, ana mashavu ya msichana. Ni rika lake. Anajifanya binamu, na anamwita "jie", dada. Mtu wa rika lako humwamkii shikamoo. Unamwambia hujambo. Basi ikawa "Hujambo, Li Huanying", na nilipoiandika nikajua sina haja ya kuitafuta tena.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao Mchina hanao. Kiswahili chetu mtu mzima humwita yeyote mdogo "mwanangu". Ukijisahau ukamwekea Li Huanying neno hilo mdomoni mapema, umetoboa siri ya filamu nzima. Nilipitia mstari kwa mstari nikihakikisha hakuna "mwanangu" hata moja mpaka mwisho. Wale mlioshtuka kwenye kiraka, basi kazi yangu ilishika.

Tuseme sasa juu ya kiraka. Binti ana lengo moja tu huko alikokwenda: mama yake afurahi. Anajiona yeye ndiye mzigo uliomharibia maisha, kwa hiyo anamsaidia kununua televisheni ya kwanza pale kiwandani, anamwingiza kwenye mashindano ya mpira wa wavu, na kubwa kuliko yote, anajitahidi aolewe na mtoto wa mkurugenzi, yule Shen Guanglin anayechezwa na mchekeshaji Shen Teng. Akiolewa huko, yeye Xiaoling hatazaliwa. Analijua hilo na anaendelea. Sisi tunacheka kwa sababu Shen Teng hahitaji hata kusema, akisimama tu unacheka. Wanapopanda jukwaani wawili hao kuwachekesha wafanyakazi, Li Huanying yupo kwenye viti anacheka na wenzake.

Kisha suruali. Imechanika, Li Huanying kaichukua akaishona, kaweka kiraka chenye umbo la mbwa. Binti anakitazama. Tangu mdogo nguo zake zikitoboka zilikuwa zinashonwa hivyo hivyo, na mama alishamwambia kwamba ufundi huo alijifunza baada ya kumzaa yeye. Msichana wa 1981 ambaye hajazaa hawezi kukijua kiraka kile. Kamera haifanyi makubwa. Ni kitambaa na uzi. Lakini pale ndipo unapoelewa kwamba mama naye alirudi, kwamba yupo kwenye safari hiyo hiyo, na muda wote huo alikuwa anajua anacheza na nani.

Ukiitazama mara ya pili, vichekesho vyote vimegeuka. Rudini kwenye kile cha jukwaani. Mara ya kwanza uliona wasanii wawili wanawachekesha wafanyakazi wa kiwanda. Mara ya pili unaona mama aliyekufa anamtazama mtoto wake akijitoa jasho ili amchekeshe, naye anacheka kwa nguvu zaidi kuliko mchezo wenyewe unavyostahili, ili mtoto ajione kaweza. Zhang Xiaofei, aliyemcheza mama kijana, alipewa tuzo ya filamu ya China, Jogoo wa Dhahabu, ya mwigizaji bora wa kike mwishoni mwa 2021, na mimi naamini alistahili kwa macho peke yake. Tazameni macho yake kila binti anaposema uongo. Hashangai. Anavumilia, anafurahia, anaufuata uongo kama mzazi anayekula "ugali" wa mchanga aliopikiwa na mtoto. Na tunapofika mwisho tunajua cheti cha ndoa alishakichukua na Jia Wentian, mfanyakazi wa tanuri la mvuke, baba yule yule. Angeweza kuchagua vingine na hakuchagua.

Hapo ndipo filamu imelaumiwa. Wako wanawake, huko China na wengine marafiki zangu hapa, wanaosema: tumechoka na mama anayejifuta. Kapewa nafasi ya pili ya kuishi na bado kachagua dhiki na uzazi. Lawama hii siichukulii kirahisi. Nimelelewa na mwanamke aliyekuwa anakula ukoko akisema ndio anaoupenda, na niliamini mpaka nikawa mkubwa. Lakini naomba muangalie nini kinapewa nafasi kwenye picha. Filamu ya mama wa kujitoa mhanga hutuonyesha mama jikoni, mama akilia, mama kitandani mgonjwa. Hii inatuonyesha Li Huanying akidaka mpira, akishindana na mwenzake kununua televisheni, akitaniwa na wavulana, akikimbia. Jia Ling alikwenda Xiangyang, kwao, akapiga picha kwenye majengo ya kiwanda cha zamani, akahangaika na nguo za miaka ile, vipaza sauti vya miaka ile, kwa sababu alitaka kumwona mtu aliyekuwepo kabla hajaitwa mama. Binti ndiye aliyedhani kwamba maisha ya mama yake yalikuwa hasara. Mama hakuwahi kusema hivyo.

Hata lile koti la ngozi la kijani mwishoni, ambalo mama anavaa wakiwa kwenye gari la wazi, wengine wameliona ni utajiri wa kujionyesha. Mimi sioni hivyo kabisa. Mwanamke alitamani koti. La kijani. Binti alikumbuka na rangi yake.

Usiku ule wa Wuhan nilirudi chumbani nikapiga Tanga. Kule ilikuwa alasiri. Nikaamkia, nikauliza hali, nikauliza mvua, nikauliza mbuzi. Halafu nikamwuliza mama, hivi ukiwa na miaka kama yangu ulikuwa unafanya nini? Akanyamaza, akauliza kama nina homa. Nikamwambia sina. Ndipo akaanza. Kumbe alifanya kazi kiwandani, kwenye nguo, miaka mitatu kabla ya kuolewa. Kumbe kiwanda kilikuwa na timu ya netiboli, na yeye alikuwa mfungaji, na waliwahi kupanda lori kwenda Moshi kwenye mashindano wakaimba njia nzima. Akanitajia majina ya wasichana saba mmoja mmoja, majina yao kamili, siyo Mama Nani wala Mama Nani. Vocha ikaisha, nikaweka nyingine. Miaka ishirini na nane nimekuwa mtoto wa mwanamke yule na sikuwahi kusikia kwamba alipanda lori.

Leo amekuja. Amefika asubuhi kwa basi na hapendi niseme alipokaa, kwa hiyo msigeuke. Vijana waliopanga viti walikuwa wameandika karatasi za majina kwa safu ya mbele, na niliwaomba wamwandikie yeye jina lake, lile la kwenye fomu. Nilikuwa nahangaika na mashine nikamwona anapita safu nzima akisoma karatasi moja baada ya nyingine, anatafuta palipoandikwa Mama Salim. Alilipita jina lake mara mbili. Mara ya tatu akasimama, akainama, akalisoma tena taratibu, akaitoa ile karatasi kwenye kiti akaikunja, akaitia kwenye mkoba, ndipo akakaa.